Ukibaguliwa, Anza na Kalamu: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Unguja na Pemba

Mama mmoja wa Kaskazini Pemba alikwenda kwa sheha wake, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, mara nane kutaka barua ya utambulisho, ili mwanawe aliyetimiza miaka 18 apate kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mara ya kwanza sheha hayupo. Mara ya pili muhuri umekwenda wilayani. Mara ya tatu akaambiwa aje kesho, na kesho hiyo ikawa wiki tatu. Mara ya nane kijana mmoja aliyekuwa amekaa barazani akamnong'oneza: "Bi mkubwa, si unajua nyinyi mnajulikana upande wenu wa siasa." Aliponijia, nilimuuliza swali moja tu. Katika mara zote hizo nane, ngapi umeziandika? Hakuwa nayo hata moja.

Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea. Sina ofisi yenye kiyoyozi. Wengi wananikuta nyumbani baada ya sala ya alasiri. Miaka niliyokaa na kazi hii imenionesha kwamba ubaguzi wa visiwani kwetu huja kwa upole. Huwezi kukuta kibao mlangoni kimeandikwa fulani asiingie. Utasalimiwa vizuri, utaulizwa hali za watoto, kisha utaambiwa njoo kesho. Kwa kuwa kila kitu kimepita mdomoni, siku ukilalamika kila mtu hukana, na wewe ndiye unayeonekana mfitini. Ndiyo maana mwongozo huu karibu wote unahusu kulitoa jambo mdomoni na kulipeleka kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: lipime ulilofanyiwa

Si kila uonevu ni ubaguzi. Karani mkali anayemfokea kila mtu ana tabia mbaya, lakini hajakubagua. Jiulize maswali matatu, na uyajibu kwa ukweli.

Nimenyimwa nini hasa? Liseme kwa neno moja au mawili: barua, ajira, nafasi ya skuli, matibabu, urithi, malipo.

Nani mwengine, mwenye hali kama yangu, alipewa? Hili ndilo swali zito kuliko yote, na watu wengi hulipita. Ukisema umenyimwa barua, sheha atasema utaratibu haujakamilika. Ukisema jirani yako, aliyepeleka karatasi zilezile wiki ileile, alipata barua siku hiyohiyo, sasa utaratibu unamgeukia yeye. Mtafute mwenzako huyo wa kulinganisha naye. Bila yeye una malalamiko. Ukiwa naye una hoja.

Tofauti yetu ni ipi? Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika Ibara ya 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inasema hivyohivyo katika Ibara ya 13, na inataja wazi mambo yasiyofaa kuwa sababu ya kumfanya mtu duni: utaifa, kabila, pahala alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Soma tena hayo maneno "pahala alipotokea" na "maoni ya kisiasa". Sisi wa visiwani tunaujua uzito wake. Mpemba anayekwenda kutafuta kazi mjini Unguja anaujua, na anaujua pia yule kijana wa Bara anayebeba mizigo Malindi hapahapa mjini huku wenyeji wakimwita chogo kwa dharau. Haki ninayoidai kwa ajili ya Mpemba ni ileile ninayoidai kwa ajili yake. Siwezi kuishika kwa mkono mmoja na kuitupa kwa mwengine.

Kwa mtu mwenye ulemavu, pima zaidi ya hapo. Kumtendea sawasawa na wengine kunaweza kuwa ndiko kumbagua kwenyewe. Mkutano wa shehia uliofanywa ghorofani umewaalika wote, lakini wa kiti cha magurudumu amebaki chini. Kiziwi ameitwa kwenye usaili kama wenzake, ila mkalimani wa lugha ya alama hakuna. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, kisha ikaja nyengine mpya mwaka 2022. Kwa hiyo anayekwambia "hatujajiandaa kwa watu wa aina yako" hajakupa udhuru. Amekupa ushahidi.

Hatua ya pili: daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wetu wanalijua hilo tangu zamani, nami naona na haki ni vivyo hivyo.

Nina dada yangu anayechechemea mguu tangu utotoni. Alisoma, akafaulu, akaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani ambayo siitaji. Alipofika, msimamizi alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwambia kwa upole kabisa kwamba wageni hawatapenda. Alirudi nyumbani akalia siku mbili. Sisi ndugu zake tulimfariji, tukamwambia Mungu atamfungulia mlango mwengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyechukua kalamu. Miezi mitano baadaye, nilipoanza kujifunza mambo haya, nilitaka kulifufua shauri lile. Msimamizi akasema hamkumbuki msichana huyo. Siku gani alikwenda? Dada hakuwa na uhakika. Nani alikuwepo? Hakumbuki. Barua yake ya maombi ilipokewa na nani? Haijulikani. Likafia pale. Kila nikikaa na mtu na daftari lake, namkumbuka.

Basi nunua daftari dogo la shilingi chache, lisitumike kwa jambo jengine. Kila tukio liandike siku ileile, kabla hujalala. Andika tarehe, saa, pahala, jina au cheo cha aliyekuhudumia, na wewe ulisema nini. Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka. Usitafsiri hasira yako ndani yake. "Alinidharau" haimsaidii hakimu. "Alisema: watu wa kwenu mna matatizo, nenda kwa kiongozi wenu akakupe barua" inamsaidia sana. Andika waliokuwepo, hata kama hujui majina yao: "mzee mwenye kanzu ya kijivu, muuza samaki wa diko la karibu". Mzee huyo atapatikana.

Ujumbe wa simu usiufute. Watu wana tabia ya kufuta kwa sababu unawaumiza kuusoma. Upige picha ukiwa na namba na tarehe inaonekana, mtumie mtu unayemwamini, na ukipata nafasi uuchape kwenye karatasi. Tangazo la kazi linalosema "wanawake wasio na watoto tu" au "wenye mwonekano mzuri" lipige picha palepale, kwani kesho litakuwa limebanduliwa.

Risiti nazo ni ushahidi, na hapa nawaambia hasa kina mama. Nimekaa na wanawake wa mwani, waliotoka majini na migongo inawauma, wakanunua matofali kidogo kidogo mpaka nyumba ikasimama. Siku ya talaka mume akasema nyumba ni yake, kwani kiwanja ni cha baba yake na fundi alilipwa naye. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imemfungulia Kadhi njia ya kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mchango huo Kadhi atauonaje? Ataona risiti za saruji, karatasi za kuuza mwani au karafuu, daftari la upatu na ujumbe wa kutuma fedha kwa fundi. Mwanamke aliyeweka risiti zake kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda anasimama mbele ya Kadhi tofauti kabisa na yule aliyeweka kila kitu kifuani.

Ikiwa ulichofanyiwa ni udhalilishaji wa kijinsia, usisubiri hatua nyengine. Usioge, usifue nguo ulizovaa, zifunge ndani ya kanga safi au mfuko wa karatasi, kwa sababu nguo zenye unyevunyevu huharibika ndani ya mfuko wa plastiki. Nenda kituo cha Mkono kwa Mkono. Unguja kipo hospitali ya Mnazi Mmoja, Pemba hospitali ya Chake Chake, na kinakukutanisha na daktari, polisi na ustawi wa jamii pahala pamoja. Kwa mtoto, simu namba 116 inapigwa bure.

Hatua ya tatu: barua

Ukishaandika daftarini, peleka barua. Watu huiogopa hatua hii kuliko mahakama. Wanaona barua ni kugombana. Mimi naiona kinyume chake: barua nzuri ina adabu kuliko kelele za barazani, na humpa mkubwa nafasi ya kurekebisha bila ya kuaibika.

Kosa kubwa ni kuanza kwa kutuhumu. Barua ya kwanza isiwe na neno "ubaguzi" hata mara moja. Omba unachostahiki, kisha omba sababu kwa maandishi. Ukipata unachotaka, jambo limekwisha. Ukipata sababu, sasa una kitu cha kupinga. Ukikosa vyote viwili, kimya chake nacho ni ushahidi. Hii hapa ya yule mama tuliyeanza naye, tuliyoiandika pamoja kwenye mkeka:

*Jina kamili …*
*Shehia ya …, Wilaya ya …*
*Simu …*
*Tarehe …*

*Sheha wa Shehia ya …*

*YAH: MAOMBI YA BARUA YA UTAMBULISHO KWA MWANANGU*

*Assalaam aleikum. Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu.*

*Mimi ni mkaazi wa shehia yako tangu mwaka … Nilifika ofisini kwako tarehe …, … na … kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mwanangu …, aliyezaliwa tarehe … Mara zote sikupatiwa barua wala sikuelezwa sababu.*

*Naomba nipatiwe barua hiyo. Iwapo kuna kipingamizi, naomba nielezwe kwa maandishi, pamoja na sheria au utaratibu unaotumika, ndani ya siku 14 tangu kupokewa kwa barua hii.*

*Naambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu na nakala ya kitambulisho changu.*

*Ahsante.*
*Sahihi …*

*Nakala: Mkuu wa Wilaya ya …*

Zile siku 14 ni zangu mwenyewe, sikuzitoa katika sheria yoyote. Zinatosha mtu kujibu, na zinakupa siku ya kuhesabia. Mstari wa mwisho, ule wa nakala, una nguvu kuliko barua nzima. Sheha huteuliwa kwa ngazi za utawala, yupo chini ya wilaya na mkoa, na anapoona nakala inakwenda kwa Mkuu wa Wilaya anajua kwamba jambo limetoka nje ya baraza lake.

Toa nakala tatu. Juu ya moja yao, mpokeaji aandike "nimepokea", tarehe, sahihi na muhuri. Hiyo ndiyo yako, usiitoe kwa mtu hata akiwa nani. Akikataa kusaini, usibishane. Mwende wawili, mkabidhi, mkirudi nyumbani wote wawili mwandike na kusaini kwamba barua ilikabidhiwa saa fulani mbele ya fulani. Au peleka nakala ile masjala ya wilaya, ambako wanapokea kwa kitabu, au itume kwa rejista ya posta na uhifadhi stakabadhi.

Asiyejua kuandika asione haya. Mwanawe wa skuli aandike, yeye aweke dole gumba, shahidi asaini pembeni.

Hatua ya nne: muhali

Katika kila shauri nililoliona likifa, muhali, yaani kuwaonea haya jamaa, ndio ulioliua. Shemeji atakuja magharibi, akae, anywe kahawa, aseme: yule ni mtu wetu, usimwaibishe. Mjomba atasema tulimalize kifamilia. Bibi atalia. Na wewe, uliyelelewa vizuri, utaona ni bora uache haki yako kuliko kuonekana umekata udugu.

Sipingi suluhu. Mashauri mengi ya kazi, mipaka na hata ya barua za sheha humalizika kwa kikao, na huko ndiko kunakofaa kuanza. Masharti yangu ni mawili. Kikao kiandikwe: waliohudhuria, kilichokubaliwa, siku ya kutekelezwa, sahihi za wote. Suluhu isiyoandikwa huwa ni kukunyamazisha mpaka ushahidi upoe. La pili, jinai haina suluhu ya sebuleni. Aliyemdhalilisha mtoto hapelekwi kwa wazee alipe fedha na mbuzi. Zanzibar imeweka mahakama maalumu za udhalilishaji tangu 2021 kwa sababu kesi hizi zilikuwa zikifia majumbani na mashahidi wakikataa kufika. Ukiwa shahidi, nenda ukaseme. Nalisema hili kwa uchungu, kwani nimekaa nje ya chumba cha mahakama na mama wa mtoto tukimsubiri shahidi ambaye ni baba yake mdogo, na hakutokea.

Ukibanwa na wakubwa, usiwajibu kwa ukali. Jibu ninalowafundisha watu ni hili: "Ami, nimekusikia na nakuheshimu. Jambo lenyewe nimeshaliandika, sasa halipo mikononi mwangu peke yangu." Mara nyingi wanaondoka wakiwa wamenyamaza.

Hatua ya tano: mlango ulio sahihi

Siku 14 zimepita, hakuna jibu au jibu ni la kukufukuza. Usikimbilie kwa kila mkubwa kwa wakati mmoja. Nenda mlango unaohusika.

Mambo ya sheha na vitambulisho: anza na Mkuu wa Wilaya, kwa barua ya pili inayoambatanisha ya kwanza. Sasa neno "ubaguzi" liandike, pamoja na yule mwenzako wa kulinganisha naye. Vitambulisho vyenyewe vinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya 2018. Ofisi zake za wilaya zinaweza kukwambia ni karatasi gani hasa zinazotakiwa, ili asije mtu akakuzushia nyengine. Usilichelewe jambo hili. Bila kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura katika uchaguzi wa Zanzibar, na milango mingi ya ajira na huduma hufungwa.

Mambo ya kazi: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 inakataza ubaguzi kazini, kuanzia tangazo la nafasi mpaka kuachishwa. Aliyefukuzwa kwa sababu ya mimba, aliyekataliwa kwa sababu ya hijabu, anayelipwa kidogo kuliko mwenzake wa kazi ileile, aende Kamisheni ya Kazi. Migogoro hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, kisha, ikishindikana, Mahakama ya Kazi. Muda wa kufungua lalamiko ni mfupi, kwa hivyo nenda wiki ileile uliyoachishwa, na uwe na mkataba wako. Usipokuwa na mkataba, picha zako ukiwa na sare, ratiba ya zamu na ujumbe wa mshahara kwenye simu vitasaidia. Wafanyakazi wa Nungwi, Kiwengwa na Paje nawashauri wajiunge na chama cha wafanyakazi wa hoteli kabla ya kupata tatizo, si baada yake.

Skuli: msichana aliyejifungua ana ruhusa ya kurejea masomoni Zanzibar. Sisi tulifika hapo miaka mingi kabla ya Bara, ambako ruhusa ilitangazwa Novemba 2021. Mwalimu mkuu akisema hana nafasi, aandike. Halafu nenda kwa afisa elimu wa wilaya.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI: ipo sheria ya 2013 inayokataza unyanyapaa na ubaguzi dhidi yako, na ipo ZAPHA+, jumuiya ya wenyewe wanaoishi na VVU, ambao watakwenda nawe bila ya kukutangaza. Mtu aliyetoa siri ya kipimo chako amevunja haki yako, hata akiwa ni muuguzi aliyemwambia dada yake tu.

Ulemavu: Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Kwa viziwi, chama chao, CHAVIZA, wanaweza kukusaidia kupata mkalimani wa kwenda naye polisi au mahakamani. Mwombe mapema.

Msaada wa kisheria usiolipiwa upo, na umewekewa sheria tangu 2018. Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria ndiyo inayowasimamia watoaji wake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kipo Unguja na Pemba, na wanasheria wanawake wa ZAFELA wanashughulikia sana mambo ya wanawake na watoto. Na katika shehia nyingi yupo mtu kama mimi. Msaidizi wa sheria asidai malipo. Akikudai, umkimbie na umripoti.

Hatua ya sita: Tume, kisha Mahakama Kuu

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliingizwa katika Katiba ya Muungano mwaka 2000 na kuundwa kwa sheria ya 2001. Kwa Zanzibar ilichelewa, kwani ilihitaji ridhaa ya Baraza la Wawakilishi, lakini leo ina mamlaka huku na ina ofisi. Kulalamika ni bure, kwa barua au kwa mdomo, na asiyeweza kwenda anaweza kutuma mtu. Inaweza kumwita mtendaji wa umma ajieleze, ikadai nyaraka, ikachunguza.

Niwe mkweli kuhusu mipaka yake. Haiwezi kuchunguza jambo ambalo tayari lipo mahakamani, wala haimchunguzi Rais wa Muungano au wa Zanzibar. Mwisho wa uchunguzi hutoa mapendekezo, haitoi hukumu, ingawa mtendaji akipuuza, Tume inaweza kulipeleka jambo mahakamani. Bado naipenda njia hii. Barua ya Tume yenye nembo, ikitua juu ya meza ya mtu aliyekuwa akisema "njoo kesho", hubadilisha sauti yake. Wapelekee faili lililopangwa: muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha daftari, kisha barua kwa mpangilio wa tarehe. Mtu wa Tume ana mafaili mengi, lako liwe rahisi kusoma.

Mahakama Kuu ya Zanzibar ndiyo mlango wa yule anayedai kwamba haki yake ya Kikatiba imevunjwa. Usiende huko bila mwanasheria. Kuishtaki Serikali kuna notisi na taratibu zake, na shauri zuri linaweza kutupwa kwa kosa la karatasi moja. Na usidanganywe na mtu anayekuchangisha nauli ya kwenda Mahakama ya Afrika ya Arusha. Tanzania iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kufungua kesi pale, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya watu binafsi wanaoishtaki Tanzania.

Hatua ya saba: msiwe mmoja mmoja

Yule mama alipopata muhuri wa wilaya juu ya barua yake, alirudi mtaani akauliza. Walikuwa kina mama kumi na moja wenye hadithi ileile. Kumi na moja! Kila mmoja alidhani ni peke yake, akaona haya, akanyamaza. Tuliandika orodha: jina, tarehe alizokwenda, jibu alilopewa. Karatasi hiyo moja ilifanya kazi kuliko barua kumi na moja, kwa sababu ilionesha mpangilio. Haikuwezekana tena kusema muhuri ulikuwa wilayani.

Mabadiliko makubwa ya visiwa hivi yalikuja hivyo. Uchaguzi wa 1957 ulipigwa na wanaume tu. Wanawake wa Zanzibar waliingia kwenye kituo cha kura mara ya kwanza Januari 1961, na walisimama foleni na mabuibui yao. Sheria ya 1985 ilimpeleka jela mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba, na wapo waliotumikia kifungo. Watu walisema, wakaandika, wakakataa kunyamaza, na mwaka 2005 ikaja sheria nyengine isiyompeleka jela mama huyo. Ng'ambo ya bahari, Wapemba waliohamia pwani ya Kenya, wavuvi wengi wao, waliishi vizazi bila kitambulisho cha nchi yoyote, watoto wao wakizuiliwa mitihani na mashua zao leseni. Maombi yao ya pamoja yaliyoandikwa ndiyo yaliyowafikisha mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa jamii ya nchi hiyo na kuanza kuwapa uraia.

Mnapojikusanya, jichagulieni wawili wa kusema, asiwe mmoja, ili asiweze kuitwa pembeni na kupewa kazi. Chama chochote cha siasa kitakuja kutaka kuwabeba. Kipokeeni kwa adabu, lakini orodha ibaki mikononi mwenu, na ndani yake wawemo walionyimwa wa pande zote, kwani wapo.

Baada ya kulalamika

Kulipiziwa kupo. Zamu zitabadilishwa, jina litasahaulika kwenye orodha ya msaada, mtoto atasemwa skulini. Kila kimoja kiandike kama ulivyoandika cha mwanzo, na uwaarifu waliopokea lalamiko lako. Kulipiza kwa mtu aliyelalamika ni jambo jipya, na mara nyingi ni rahisi kulithibitisha kuliko la kwanza, maana sasa wote wanajua tarehe uliyolalamika.

Usitukane mtandaoni, wala usimtaje mtu kwa jina huko ukamzushia usichoweza kukithibitisha. Nimeona waliokuwa na haki wakageuzwa washtakiwa kwa sababu ya ujumbe mmoja wa usiku.

Na faili lako litoe nakala nzima. Moja ikae nyumbani, nyengine iweke kwa mtu unayemwamini ambaye hakai nyumba moja nawe. Ya yule mama ipo kwangu, ndani ya sanduku la mninga alilotuachia bibi yangu, juu ya ile orodha ya kumi na moja. Mwanawe alipata kitambulisho mwezi wa nne baada ya barua ya kwanza. Wawili katika orodha bado hawajapata, na Jumatatu ijayo tunakwenda tena wilayani.